Neno la Nyumba Namba Arobaini na Moja

Mwalimu Muzammil alikuwa na maradhi ambayo hospitali haina dawa yake: hakuweza kukutana na neno la Kiingereza akaliacha likapita zake. Lazima alisimamishe, alihoji, aulize limezaliwa wapi na limepitia mikono ya nani. Miaka thelathini na minne alifundisha somo hilo Bagamoyo, na kila neno aliligawa ubaoni mafungu matatu: maana, asili, matumizi. Wanafunzi wake leo ni watu wazima wenye vitambi, na bado ukimtajia mmoja wao jina la Mwalimu, anacheka na kuyahesabu hayo matatu kwa vidole. Kustaafu hakukumponya. Asubuhi hukaa sebuleni katika nyumba ya marehemu baba yake, mji mkongwe, kamusi nene mapajani, akiisoma kama wenzake wasomavyo magazeti.

Maradhi yake ya pili yalikuwa ukoo. Kwao ni watu wa mji, waliouza nazi na nguo mpaka Pangani, na ingawa biashara ilikufa kabla yeye hajaota ndevu, majivuno yalibaki salama salimini. "Mwanamke wa nyumba yetu akikaa eda," alipenda kusema, "hata jirani wa ukuta mmoja hajui sauti yake."

Basi Mwinyijuma, mume wa dada yake Shufaa, alipoanguka shambani akafa kabla ya kufikishwa zahanati, Mwalimu alilia kwa kweli, maana alimpenda shemeji yake. Kisha akafuta machozi akaanza kuweka sheria. Shufaa angekaa eda palepale nyumbani kwake, kitongoji cha Kwa Mdoe, mbele kidogo ya Makurunge, miezi minne na siku kumi. Avae bafta nyeupe, asijipake manukato, asitoke. Mpaka hapo ni dini, na hakuna aliyebisha. Lakini Mwalimu aliongeza ya kwao: asizungumze na mwanamume yeyote asiye maharimu wake, hata kwa nyuma ya mlango, hata kuitika hodi.

Wajane wengine wa Kwa Mdoe, wakiwa edani, huitika dirishani na kuuliza mtu anataka nini. Shufaa aliligusia jambo hilo kwa sauti ndogo.

"Hao ni wao," Mwalimu akamjibu. "Wewe ni binti wa nani?"

Shufaa, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyelima mihogo nusu ya umri wake, aliinamisha kichwa kama mwari. Hakuwa na mtoto aliye hai. Aliyekuja kukaa naye ni Bi Mosi, jirani mjane wa siku nyingi, ili amtekee maji, amnunulie chumvi na kumjibia wageni.

Siku ya arobaini na tatu Bi Mosi alikwenda kisimani, na huku nyuma likaja gari jeupe la wathamini. Kila mtu Kwa Mdoe alijua kwamba mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba utapita pale. Ambacho hawakukijua ni siku ya kuhesabiwa. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Katika kila nyumba iliyo njiani mwa mfereji, aliyekutwa anaishi humo huandikwa jina, hupigwa picha akiwa ameshika kibao cha namba, na baadaye hupewa kiwanja na nyumba ya matofali ya vyumba viwili ng'ambo ya barabara. Nyumba isiyo na mtu hufutwa bila fidia, kwa kuwa ardhi ni ya kijiji.

Walipofika kwa Shufaa walibisha hodi mara tatu, kama adabu inavyotaka. Kimya. Mmoja akazunguka uani akakuta jiko limepoa na kamba haina nguo, maana nguo za eda zilianikwa chumbani. Wakamuuliza mtu aliyekuwa akipalilia shamba la pili, naye akawajibu kwamba mwenye nyumba amekufa. La mkewe hakuulizwa, na kwa kuwa jua lilikuwa kali na jembe mkononi, hakuliongeza. Bi Mosi aliporudi na ndoo kichwani alikuta ukuta wa mbele una namba 41 na alama ya X, rangi nyekundu bado inachuruzika.

Jioni Shufaa akampigia kaka yake simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Kaka, leo wamekuja watu wa mfereji. Wamebisha sana. Sikujibu."

"Umefanya vyema," akasema Mwalimu, na kusema kweli kifua kilimjaa fahari. "Umefanya vyema mno."

Siku kumi na mbili baadaye orodha ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwinyimvua, aliipiga picha kwa simu akamtumia Mwalimu amsomee. Mwalimu alivaa miwani akashuka na majina: huyu yumo, yule yumo, hata mlevi mmoja anayelala kwenye kibanda cha mkaa yumo. Kwenye namba arobaini na moja hapakuwa na jina. Palikuwa na neno moja tu, kwa herufi kubwa: VACANT. Chini kabisa iliandikwa kwamba mwenye malalamiko afike ofisini mwenyewe, kabla ya siku ishirini na moja kwisha, athibitishe kuwa anaishi katika nyumba husika.

Mtu mwingine angeita bodaboda saa ileile. Mwalimu alifungua kamusi.

Nisimwonee; alikuwa na hofu kama mtu yeyote. Lakini kila mtu hukimbilia anapopajua, naye alipopajua ni hapo. Maana: tupu, wazi, pasipo na mtu. Asili: Kilatini, kutoka kitenzi cha kuwa mtupu, likapita Ufaransa ndipo likavuka bahari kwenda kwa Waingereza. Matumizi: mwanzoni lilisemwa zaidi juu ya kiti cha cheo, pale mwenyewe anapokufa na mwingine hajakikalia. Baadaye ndipo lilipoteremka likasemwa juu ya nyumba na viwanja. Mwalimu aliposoma hapo aligonga meza kwa kiganja. Aliona amewakamata. Kumbe hata kwa asili yake, neno hilo halimfai mjane aliyemo ndani ya nyumba yake!

Asubuhi iliyofuata alivaa kanzu iliyopigwa pasi akaenda ofisi ya mradi, mjini. Aliyemkuta mezani alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Alikuwa Yusuf, mtoto wa Vigwaza aliyewahi kukaa bweni akasoma kwake miaka minne, sasa ni afisa wa orodha. Mwalimu alifurahi, kisha furaha ikamkauka aliposikia kwamba Yusuf alikuwamo kwenye gari lile jeupe, na neno lile kaliandika yeye kwa mkono wake.

"Wewe? Mwanafunzi wangu? Unaandika nyumba haina mtu na dada yangu yumo ndani?"

Yusuf akabadilika uso. "Dada yako, Mwalimu? Wallahi sikujua. Tulibisha mara tatu."

"Yuko eda!"

"Kwetu Vigwaza mjane aliye edani anaitika hodi. Sikujua kama kuna nyumba mtu yumo, mzima, anasikia, halafu ananyamaza." Akaangalia meza. "Na samahani, Mwalimu, usinione mtovu wa adabu. Sentensi ya mfano ya neno hilo uliyotuandikia ubaoni ilikuwa hiyohiyo. Tulibisha mara tatu, hakuna aliyeitika, nyumba ilikuwa haina mtu. Nilipokuwa naandika niliikumbuka, nikacheka peke yangu."

Mwalimu aliikumbuka sentensi hiyo vizuri; ameiandika kila mwaka.

Yusuf alikuwa mtu mwema, nalo hilo lisemwe, maana hadithi hii haina mtu mbaya, na ndiyo sababu inaniuma kuisimulia. Alivuta kiti karibu akashusha sauti. "Jambo lenyewe ni dogo. Aje hapa, atie dole gumba, nifute neno, niandike jina. Nusu saa. Kama hawezi kutoka, yupo Sabiha hapa, mwanamke mwenzake. Kesho nampa gari, anaingia chumbani, anamwona, anamtia wino, anarudi. Hakuna mwanamume atakayesogea."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Mwalimu angesema ndiyo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini moyo ulikuwa umemchemka, kwa aibu ya ile sentensi kuliko kwa jingine lolote.

"Dada yangu akaguliwe chumbani na kutiwa wino, akiwa kwenye msiba, ili kuthibitisha kwamba yupo? Amefanya kosa gani? Neno ni lenu. Mmekosea nyinyi. Lifuteni nyinyi."

"Mwalimu, taratibu…"

"Nitaandika barua."

Aliiandika siku sita. Kurasa nne, kwa Kiingereza ambacho siku hizi hakiandikwi tena, kila nukta mahali pake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa maana, wa pili asili, pamoja na Walatini na Wafaransa wake. Wa tatu ulikuwa matumizi, na humo alieleza jinsi enzi ya Mjerumani ardhi ya pwani hii ilivyoandikwa kwamba haina mwenyewe ikachukuliwa, hali wenyewe wako palepale wanaitazama. Hapo aliandika kwa uchungu wa kweli, na kama kuna mahali barua ile ilikuwa na uhai, ni hapo. Ukurasa wa nne ulikuwa wa heshima na saini. Bahati mbaya, akiwa anapekua kamusi aligundua kwamba neno la Kiingereza la mjane nalo asili yake ya kale ni kutengwa na kubaki mtupu. Halikumsaidia hata chembe katika hoja yake. Lakini lilikuwa tamu mno kuliacha, akalitia.

Wakati yeye anachonga sentensi, Shufaa alikuwa akifanya kazi yenye maana zaidi. Alimtuma Bi Mosi kwa sheikh wa msikiti wa Makurunge, na sheikh akajibu bila kufungua kitabu: hii ni dharura, nyumba inapotea, mjane atoke mchana afuate haki yake na arudi kulala kwake, hana dhambi yoyote. Shufaa akapiga simu.

"Kaka, sheikh kaniruhusu. Bi Mosi atanisindikiza. Nitavaa buibui, nitafunika uso. Nitoke?"

"Usitoke."

"Kaka, siku zinakwisha."

"Nimeshapeleka barua. Ulikuwa mdogo, hukumbuki mama alivyokaa eda ya baba. Hata mvua ilipobomoa ukuta wa jikoni hakutoka."

"Mama alikuwa na wewe wa kuujenga," akasema Shufaa.

Mwalimu alilisikia hilo akaliona kuwa ni sifa. Akamwambia alale salama.

Barua ilipokewa ikapigwa muhuri. Ofisini waliisoma kwa zamu, wakastaajabu, mmoja akaipiga picha amwoneshe mwanawe Kiingereza kilivyokuwa zamani. Siku ya kumi na nane Yusuf akapiga simu mwenyewe. "Mwalimu, zimebaki siku tatu. Sabiha yuko tayari hata sasa hivi." Mwalimu akamshukuru, akasema anasubiri jibu la barua yake. Siku ya ishirini na moja ikaja ikapita kama siku nyingine, na jua likachwa.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, mistari miwili. Pingamizi halikuambatana na mkazi. Neno limebaki kama lilivyo.

Mwalimu akaandika ya pili, kwenda juu zaidi. Akaandika na ya tatu. Shufaa hakupiga simu tena kuuliza, na kaka mtu, Mungu amsamehe, akadhani ametulia.

Buldoza lilifika Kwa Mdoe siku ya mia na ishirini na moja ya eda. Zilibaki siku tisa tu. Mzee Mwinyimvua alimpigia Mwalimu saa mbili asubuhi, naye akaja mbio, nakala za barua zote tatu zikiwa kwenye bahasha. Alikuta nyumba za jirani tayari ni vifusi, wenyewe wameshahamia ng'ambo na mabati yao. Msimamizi, mwanamume mnene aliyevaa kofia ya njano, alikuwa amekunjua orodha juu ya boneti ya gari.

"Mzee, sogea. Hii haina mtu."

"Ina mtu!" Mwalimu akatoa barua. "Soma hapa. Neno hili, ukiangalia asili yake…"

"Mimi mtu wa mashine, mzee. Asili sijui."

Na wakiwa katika hayo, mlango ukafunguka. Shufaa akatoka.

Alitoka na bafta yake nyeupe iliyofifia, bila buibui, uso wazi, mbele ya wanaume wasiopungua kumi na wawili. Alikuwa amekonda hivi kwamba Mwalimu alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alipita mbele ya kaka yake pasipo kumtazama, akasimama mbele ya kofia ya njano, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva wa buldoza:

"Assalaam alaykum, mwanangu. Naomba muda nitoe vyombo vyangu."

Msimamizi alitazama orodha, akamtazama mama, akatazama tena orodha. "Mama, wewe ulikuwa unakaa humu?"

"Miaka thelathini na moja."

"Mbona hukuandikwa?"

"Sikufungua mlango."

Yule mtu akavua kofia. Alisema hawezi kubadili kitu, orodha imefungwa huko juu, yeye kapewa siku mbili za kusafisha njia. Lakini alizima mashine, na vijana wake wakaingia kumsaidia kutoa kitanda, magunia mawili ya mihogo mikavu, masufuria, na sanduku la nguo za Mwinyijuma ambalo Shufaa alilibeba mwenyewe. Mwalimu alijaribu kushika upande mmoja wa sanduku. Shufaa akageuka, akaliweka upande wa pili wa nyonga.

"Nenda nyumbani, Shufaa," Mwalimu akasema. "Nyumba ya baba ni yako. Umalizie siku zako tisa kule, ukae kwa heshima. Nimepeleka barua nyingine, na kama…"

"Kaka," akamkatiza. Alikuwa hajawahi kumkatiza maishani mwake. "Siku ile walipobisha, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Wakabisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nimelishika. Nikasikia wanavyosema, andika haina mtu. Neno 'nipo' lilikuwa mdomoni hapa."

"Ulifanya…"

"Sikumwogopa Mungu, kaka. Mungu aliniruhusu, sheikh kanambia. Nilikuogopa wewe."

Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. Halafu akajifunga kanga ya Bi Mosi juu ya bafta, akakaa upande upande nyuma ya bodaboda ya mtu asiyemjua, sanduku mapajani, wakaondoka kuelekea Fukayosi, ambako Bi Mosi ana binti. Bi Mosi alifuata na masufuria kwenye bodaboda ya pili. Nyuma yao buldoza likawashwa. Ukuta wa udongo hauna ubishi. Ulilala chini kwa msukumo mmoja, na vumbi lilimjaa Mwalimu kwenye miwani, kwenye ndevu, kwenye kanzu. Alilia kwa sauti mbele ya vijana wale.

Siku ya pili alikwenda ofisini kwa Yusuf. Hakuwa na bahasha. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Andika," akasema, kwa Kiswahili. "Andika kwamba dada yangu Shufaa alikuwamo, na aliyemkataza kufungua ni mimi. Ulipotaka kumtuma Sabiha, aliyekataa ni mimi. Sheikh alipomruhusu, aliyemzuia ni mimi. Yeye hana kosa. Andika, nitie saini."

"Mwalimu, faili limefungwa. Hakuna mahali pa kuliweka."

"Andika."

Yusuf akachukua karatasi nyeupe, akaandika neno kwa neno, mistari mitano. Akamsomea. Mwalimu akatia saini, akaweka na tarehe. Yusuf akaikunja mara mbili, akamrudishia.

"Mimi hainifai kitu, Mwalimu," akasema polepole. "Mpelekee mwenyewe."

Ni mwezi wa tano sasa tangu nyumba ilipovunjwa. Eda ilikwisha, Shufaa analima kibarua katika shamba la mtu huko Fukayosi na analala chumba kimoja na wajukuu wa Bi Mosi. Karatasi iko kwenye mfuko wa ndani wa kanzu ya Mwalimu, imeanza kuchanika mikunjoni kwa kutolewa na kurudishwa. Kila Ijumaa baada ya swala anasema ataipeleka kesho. Magari ya Fukayosi hupita asubuhi na jioni, na nauli anayo.